Chakula cha Kungojea

Msomaji mwenzangu, usinicheke. Kitabu cha kwanza nilichokiandika mimi hakikuwa cha mashairi wala cha hadithi. Kilikuwa kauntabuku ya kwaya mbili, jalada lake limefunikwa kwa gazeti, na ndani yake mlikuwa na majina ya akina mama ishirini na wawili wa kijijini kwetu Kigwa, hisa zao, mikopo yao na faini zao. Na uongo wa kwanza nilioutunga kwa kalamu niliuandika humo humo. Ndiyo maana leo, kila ninapowasikia vijana wenzangu wakisema kuwa mwandishi ana ruhusa ya kutunga atakacho, huwa nanyamaza kwanza.

Kwa wasiokufahamu Kigwa, ni mashariki ya Tabora mjini, wilaya ya Uyui. Ukisoma vitabu vya wale wazungu wa zamani utaikuta. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, wote wakitoka pwani kuelekea Tabora. Ilikuwa njia kuu ya misafara: Bagamoyo, Ugogo, Tura, Rubuga, Kigwa, kisha Unyanyembe. Babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani mpaka baharini na kurudi na nguo na shanga. Bibi zetu nao walitembea nyuma yao na vyungu kichwani, ingawa hao hawatajwi sana. Leo hakuna msafara. Kuna mahindi, karanga, tumbaku, asali, na mabasi yanayopita yakituachia vumbi.

Mwaka 2018 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimekaa nyumbani nasubiri chuo. Kukaa kijijini bila kazi, jamani, ni kasheshe. Wazee wanakutazama kama mzigo uliosahaulika stesheni. Basi mama akaniambia siku moja, "Wewe si unajidai mwandishi? Njoo Jumapili utuandikie." Kikundi chao kilikuwa kinaanza mzunguko mpya mwezi wa saba, baada ya mavuno, na katibu wao alikuwa ameolewa Nzega. Nikaenda kwa aibu, mwanamume peke yangu chini ya mwembe katikati ya vitenge. Malipo yangu yalikuwa soda moja na chapati.

Mambo ya vikundi vya VICOBA mnayajua, lakini nieleze kidogo kwa ajili ya wale waliozaliwa mjini na kukulia kwenye televisheni. Mbegu yake ilipandwa Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipoanza kuwakusanya akina mama wa vijijini waweke akiba wenyewe na kukopeshana wenyewe. Huku kwetu ilifika kupitia Zanzibar, ikaenea bara katika miaka ya 2000. Hakuna benki. Kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa wanawake watatu, nyumba tatu. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Sisi hisa moja ilikuwa shilingi 2,000, na mtu aliruhusiwa kununua mpaka hisa tano kwa wiki. Ukishaweka, unaweza kukopa mpaka mara tatu ya hisa zako, na faida inabaki humo humo mgawane mwisho wa mwaka. Pembeni kuna mfuko wa jamii, hela kidogo kidogo za msiba, ugonjwa na ajali. Akichelewa mtu, faini. Simu ikilia kikaoni, faini. Nilizipenda sana zile faini, maana ndizo zilizokuwa hadithi.

Mtunza ufunguo wa tatu alikuwa bibi mmoja mwembamba, mfupi wa maneno. Kiswahili chake kilikuwa na mdundo wa mbali. Alikuwa Mrundi. Mwaka 1972, alipokuwa msichana wa miaka kumi hivi, kule kwao kulichinjika watu wengi, baba yake hakuonekana tena, na mama yake akavuka mpaka akiwa na watoto wanne. Serikali yetu ikawaweka Ulyankulu, huko huko mkoani Tabora, katika makazi yaliyofunguliwa mwaka ule ule kwa ajili yao. Aliolewa, akafiwa, akamfuata bintiye aliyeolewa Kigwa. Uraia wa Tanzania aliupata baadaye, pamoja na wenzake zaidi ya laki moja na nusu waliokuwa wamekaa hapa tangu 1972. Vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014. Chake alikihifadhi kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kopo la maziwa ya unga. "Miaka arobaini," aliwahi kuniambia, "nikiulizwa kitambulisho naonyesha mikono yangu." Nikaitazama. Ilikuwa kama mizizi.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Oktoba ile nilipata nafasi katika chuo kimoja mjini Tabora, ngazi ya cheti. Awamu ya kwanza ya ada mama aliilipa kwa karanga. Nilikuwa narudi Jumamosi jioni, Jumapili naandika, Jumatatu alfajiri napanda basi. Januari 2019 chuo kikatangaza kuwa asiyelipa awamu ya pili hafanyi mtihani. Nikampigia mama simu. Akaniambia, "Usihangaike mwanangu, Mungu yupo." Baada ya siku nne hela ikaingia. Nami, kijana mwenye akili zangu, sikuuliza Mungu amepitia wapi.

Alipitia kwenye ofisi moja ya mikopo mjini. Siitaji jina, ziko nyingi, zinafanana, na kila mtaa wa nchi hii unazijua kwa jina moja tu: kausha damu. Mama alipewa laki tatu. Marejesho yalikuwa shilingi 30,000 kila Ijumaa kwa wiki kumi na tatu. Piga hesabu mwenyewe: 390,000. Dhamana aliweka cherehani yake, ile aliyoachiwa na bibi yangu, ambayo nguo zangu zote za shule zilishonwa juu yake.

Nataka muone jambo moja hapa, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike makala hii. Riba peke yake haikuwa ya kumuua mama. Kilichomuua ni Ijumaa. Mkulima wa Kigwa hana Ijumaa. Ana mwezi wa tano na wa sita karanga zinapong'olewa, ana msimu wa kuuza tumbaku, ana uki wa asali. Januari mpaka Machi hana kitu. Ni miezi ya palizi, ghala linaonyesha sakafu, watu wanakula michembe na uyoga wa porini. Ukimkopesha mtu kama huyo Januari na kumdai Ijumaa ijayo, hujamkopesha hela. Umemkodisha hofu.

Wiki ya kwanza mama aliuza kuku. Ya pili akauza doti mbili za vitenge. Ya tatu na ya nne likaenda gunia la mahindi lililokuwa la kutuvusha mpaka mavuno. Niliporudi Jumamosi moja nikaikuta kadi ya marejesho chini ya mkeka, ina sahihi nne. Nikairudisha palepale. Hatukuzungumza. Kwetu mtoto hamuulizi mama yake kama ana madeni.

Kesho yake, Jumapili ya tarehe 10 Februari, mama akasimama kikaoni na kuomba mkopo wa 150,000. Hisa alikuwa nazo za kutosha. Katika kauntabuku kulikuwa na safu iliyoandikwa "Matumizi ya mkopo", na katiba ya kikundi ilisema wazi kuwa mkopo ni wa biashara tu. Ada haikuwemo. Deni lisilo la hapa ndiyo kabisa. Nikamtazama mama, mama akatazama miguu yake. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, "Kununua karanga za biashara."

Funguo tatu zikafungua. Hela zikahesabiwa mara mbili. Yule bibi wa Ulyankulu alipopita kufunga kufuli lake akainama karibu na daftari, kana kwamba anatafuta miwani, akaninong'oneza, "Mjukuu wangu, Februari hii karanga zinanunuliwa wapi? Si ndiyo kwanza zinatoa maua?"

Nikajibu, "Sijui, bibi." Hilo nalo lilikuwa uongo.

Ile 150,000 ilikwenda Ijumaa tano. Tarehe 22 Machi mama hakuwa na kitu, na wiki iliyofuata wakaja vijana wawili na pikipiki ya matairi matatu. Saa nne asubuhi, mchana kweupe, majirani wote wako barabarani. Mama alikuwa shambani. Mdogo wangu ndiye aliyekuwepo. Wakaibeba cherehani na meza yake, na ule mto mdogo wa sindano ukaangukia mlangoni. Mdogo wangu akauokota. Mpaka leo anao.

Jumapili ile nilitamani basi lipinduke nisifike. Kikao kilikuwa kimya kama matanga. Mbaya zaidi, kulikuwa na mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa ameugua wiki hiyo, akahitaji nauli na dawa za kumpeleka Tabora, na sanduku lilipofunguliwa lilikuwa limekauka kuliko ilivyotakiwa. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini mama yule alisimama akamtazama mama yangu, akasema, "Hela ya mwanangu kuishi ilikuwa inalipa madeni yako ya mjini." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Hapo, wenzangu, nikaelewa kitu ambacho vitabu vya hesabu havikunifundisha. Nilikuwa nimeandika neno moja, "karanga", nikidhani nakopa heshima ya mama yangu kwa karatasi. Kumbe nilikuwa nimeikopa kutoka kwa mtoto wa mtu.

Mama akapiga magoti. Akasema yote: laki tatu, Ijumaa, kuku, vitenge, ada. Alipofika kwenye ada wanawake wakageuka wakanitazama. Wengine walitaka atolewe kwenye kikundi. Mmoja akasema huo ni msiba wa kujitakia. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Ndipo yule bibi aliposimama. Sikuwahi kumsikia akisema kwa muda mrefu hivyo, wala sijamsikia tena. Naandika maneno yake nilivyoyakumbuka, si neno kwa neno.

Alisema kwamba walipofikishwa Ulyankulu kulikuwa msitu mtupu. Kila familia ikapewa kiwanja, jembe, shoka na mbegu. "Lakini," akasema, "walitupa kitu kingine ambacho watu hawakisemi. Walitupa chakula cha kungojea. Unga, maharage, mafuta, mpaka mavuno. Mama yangu alikuwa mjane, hajui lugha, hana ndugu. Kama wangempa jembe leo na kumdai gunia wiki ijayo, angekula mbegu. Kila mtu angekula mbegu. Jembe bila chakula cha kungojea ni kumcheka mtu. Huyu mwenzetu amekula mbegu. Sisi tulikuwa wapi? Katiba yetu ilimwambia aseme karanga."

Akakaa.

Walibishana mpaka jua likazama. Mama alitozwa faini, na ilikuwa haki. Mkopo wake ukasogezwa mpaka mavuno. Wanawake wawili wakafuatana naye mjini kuzungumza na wale wakopeshaji. Cherehani ilikuwa imekwisha kuuzwa, lakini walau deni likatangazwa kuwa limekwisha na karatasi ikaandikwa. Mfuko wa jamii ukampa debe mbili za mahindi. Yule mama mwenye mtoto mgonjwa hakunyoosha mkono kukubali wala kukataa. Mzunguko ulipokwisha alichukua hisa zake akajitoa, na mimi simlaumu.

Kisha wakabadilisha katiba. Mkopo wa ada ukaruhusiwa, ukisemwa kwa jina lake. Mkopo wa shamba ukapewa tarehe ya kulipwa baada ya mavuno, si miezi mitatu. Na anayebanwa na deni la nje aseme mapema, hatachekwa. Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, hilo la Februari lisahihishe." Nikachora mstari juu ya "Kununua karanga za biashara", na juu yake nikaandika, mkono ukitetemeka, "Ada ya mtoto wake, na deni la mjini." Huwa nasema hiyo ndiyo sentensi yangu ya kwanza.

Mwezi wa sita mama alilipa 165,000, pamoja na faida ya kikundi, zote kwa karanga. Kazi ya ukatibu nilinyang'anywa, nayo ilikuwa haki vilevile. Akapewa dada mmoja aliyeishia darasa la saba. Mwandiko wake unapanda mlima, lakini tarakimu zake hazijawahi kumsitiri mtu.

Tangu hapo nimekuwa nikiyafuatilia mambo haya kila ninapokuta gazeti au kitabu. Nimesoma habari za Muhammad Yunus wa Bangladesh, ambaye mwaka 1976 katika kijiji cha Jobra aliwakopesha watu 42 dola 27 tu kutoka mfukoni mwake, na mwaka 2006 yeye na benki yake ya Grameen wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Nimesoma pia habari za Sri Lanka, na hizo ndizo zilizonikosesha usingizi. Vita vilipiganwa kule tangu 1983 mpaka 2009. Vilipokwisha, wanawake wengi wa Kitamil wa kaskazini na mashariki walibaki peke yao, waume wamekufa au wamepotea, na watoto wanataka kula. Wakaletewa mikopo midogo ili wajiinue. Wapo iliowasaidia. Lakini makampuni yakawa mengi, wakusanyaji wakaja kila wiki mlangoni, mwanamke akakopa huku kulipa kule, mpaka mwaka 2018 serikali yao ikaamua kufuta baadhi ya madeni ya wanawake katika wilaya zilizopigwa na ukame. Sijawahi kufika Sri Lanka na sitarajii. Ila niliposoma kuhusu mwanamke anayejificha nyuma ya nyumba yake akisikia pikipiki, niliijua nyumba ile.

Hapa kwetu sheria ya huduma ndogo za fedha ilitungwa mwaka 2018, ikawaweka wakopeshaji katika madaraja manne, na vikundi vya akina mama vikatambuliwa kuwa daraja la nne. Mwaka huo huo sheria ikazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ikasitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Ni jambo jema. Lakini mimi nikisikia mwanasiasa anatangaza mamilioni kwa akina mama, swali langu ni moja tu, la yule bibi: na chakula cha kungojea kiko wapi? Marejesho yanaanza lini, kabla ya mavuno au baada yake? Mwanamke akiuguliwa katikati, anamwambia nani?

Hata matajiri wa zamani walijua kungoja. Taria Topan, Mhindi wa Unguja, alimkopesha Tippu Tip bidhaa za misafara iliyopita njia za huku, na alijua kuwa pembe hazirudi Ijumaa. Zitarudi baada ya miaka. Simsifu. Deni lile lililipwa kwa mabega ya wapagazi na kwa shingo za watumwa, na njia ya Kigwa inalijua hilo. Nasema tu kwamba subira ilikuwepo kwa wenye pembe. Tunashindwaje kumpa mwenye karanga?

Sasa niko Dar es Salaam, nahangaika kama nyinyi, natafuta gazeti litakalonilipa angalau nauli. Kila mwisho wa mwezi naweka kando kidogo kwa ajili ya cherehani. Bado haijatimia. Mama ananiambia niache, amezoea kushona kwa mkono. Jumapili jioni huwa ananipigia baada ya kikao, ananisimulia nani kachelewa, nani kapigwa faini, nani kaomba mkopo na wa nini. Wiki iliyopita mama mmoja mjane alisimama akasema, bila kutazama chini, "Naomba laki moja, ni ya kununua chakula, karanga zangu bado." Katibu akaandika hivyo hivyo.

"Akapewa?" nikamuuliza mama.

"Akapewa," akasema. "Mpaka Juni."